Pesa iko simuni, soko linataka kadi



Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Iringa alinipigia simu saa tano usiku, saa ambayo katika ukoo wetu watu hawapigiani simu ila kwa habari za msiba. Niliipokea moyo ukinidunda. Kumbe wote wazima. "Shikamoo mjomba," akasema, "hivi wewe una kadi ya benki?" Nikamwitikia marahaba, na kwamba kadi ninayo, ila asitarajie kukuta kitu ndani yake. Akacheka, kisha akanieleza kisa chake, na kisa hicho ndicho nilichokuja nacho leo mbele ya kipaza sauti.

Mpwa wangu na wanawake wenzake tisa wanasuka vikapu vya milulu, vile ambavyo vimelifikisha jina la Iringa hata Ulaya. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiviuza kando ya barabara kuu na kwa wachuuzi wanaokuja na bei yao mfukoni. Mwaka jana kijana mmoja akawashauri waviweke katika soko la mtandaoni, yaani soko lisilo na vibanda, ambamo mwenye mali anaweka picha na bei, na mnunuzi, awe Tabata au Tanga, anachagua, analipa, analetewa. Wakaweka. Watu wakavipenda. Mpwa wangu aliweza kuona kwenye simu yake kwamba mtu fulani kachagua kikapu, kaandika anakokaa, kafika mahali pa kulipia, halafu kimya. Siku ya kwanza watatu, siku ya pili wanne. Wote wanafika mlangoni, wanageuka.

Mmoja wao, mwalimu wa Morogoro, akajitahidi kuitafuta namba ya msukaji akampigia. "Dada, kikapu nimekipenda, lakini hapa naambiwa niandike namba kumi na sita za kadi. Mimi kadi ya namna hiyo sina. Hela ninayo kwenye simu. Nipe namba nikurushie." Mpwa wangu akampa namba, hela ikaingia, kikapu kikapakiwa kwenye basi, mwalimu akakipokea stendi, biashara ikaisha. Siku chache baadaye wenye soko wakamwandikia onyo. Walisema amefanya biashara nje ya soko, na akirudia watamfungia.

Ndipo akanikumbuka mjomba. Mpango wake ulikuwa hivi: wanunuzi wote wanitumie mimi pesa kwa simu, mimi niingie katika soko na kadi yangu, niwalipie. Niwe mashine ya kugeuza pesa ya simu kuwa pesa ya kadi. Msicheke, ndugu wasikilizaji. Wako watu mjini wanaofanya kazi hiyo kila siku, kwa ndugu na kwa majirani, na wengine wanajitoza kitu kidogo kwa usumbufu.

Soko lenyewe sitalitaja, kwa maana kosa lake ni la wengi. Ila nataka tuliangalie kosa hilo vizuri, kwa kuwa vikapu hivyo ndivyo ada ya shule ya Januari katika nyumba kumi.

Hebu tuanze na jambo ambalo kila anayenisikiliza analijua. Pesa ya mtu wa kawaida katika nchi zetu iko wapi? M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikavuka mpaka na kuingia Tanzania mwaka 2008. Majaribio yake ya kwanza, mwaka 2005, yalikuwa ya kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo, lakini watu wenyewe wakaigeuza wakaanza kutumiana fedha. Kampuni nyingine zikafuata na huduma zao. Leo muuza nyanya ana namba ya kulipia imebandikwa kwenye meza yake, fundi cherehani anayo, dereva wa bodaboda anayo. Mtu anaweza kukaa miaka bila kuingia benki na bado akalipa umeme, ada na mchango wa harusi. Sasa mtu huyo huyo anapotaka kununua kikapu anaambiwa pesa yake si pesa.

Kwa nini iwe hivyo? Sidhani kama ni ubaya wa moyo. Programu nyingi zinazoendesha maduka ya mtandaoni ziliandikwa na watu wa nchi ambazo kadi imo katika kila pochi. Anayefungua soko hapa anazichukua kama zilivyo, zikiwa na mahali pa kuandika namba za kadi, na kazi ya kuunganisha njia za kwetu anaiahirisha hadi siku nyingine. Siku hiyo haifiki. Mimi naliona jambo hili kama mtu aliyenunua nyumba iliyochorwa kwa ajili ya nchi ya theluji, akahamia Mtwara, na hana habari kwamba anaweza kutoboa dirisha.

Tena wala tusidhani kwamba ni sisi tu wenye njia zetu. Waholanzi, ambao hakuna atakayesema ni nyuma kwa maendeleo, wanalipia ununuzi wa mtandaoni moja kwa moja kutoka akaunti zao za benki kwa mfumo wao uitwao iDEAL, ulioanza mwaka 2005. Mjerumani anapenda apelekewe mzigo pamoja na ankara, auangalie, kisha alipe. Brazil walikuwa na karatasi yao iitwayo boleto, ambayo mtu aliichapisha na kwenda kuilipia benki au dukani kwa fedha taslimu, na tangu Novemba 2020 wana Pix, mfumo wa Benki Kuu yao. Mfanyabiashara wa nje aliyekwenda Brazil bila boleto, au Uholanzi bila iDEAL, alijikuta amefungua duka lenye mlango mwembamba kuliko wateja wake.

Lakini mfano ulio mnono kuliko yote uko China, na hapo naomba tukae kidogo.

Mwaka 2002 kampuni ya Kimarekani ya eBay iliingia China kwa kununua theluthi moja ya kampuni ya Shanghai iitwayo EachNet, kwa dola milioni 30. Mwaka uliofuata ikanunua iliyobaki kwa dola kama milioni 150. Ilikuwa kampuni kubwa, yenye fedha, tena ilikwisha kuinunua PayPal, kampuni mashuhuri ya malipo. Mwaka huo huo wa 2003, mwezi Mei, kampuni ya Alibaba ya mji wa Hangzhou, iliyoanzishwa na Jack Ma na wenzake, ikafungua soko lake la Taobao. Mtu yeyote angeweka dau kwa Wamarekani.

Sasa tazama hali ilivyokuwa. Wachina wenye kadi za mikopo walikuwa wachache. Zaidi ya hapo, mnunuzi wa Beijing hakumjua muuzaji wa Guangzhou. Mnunuzi aliogopa kutuma pesa asione mzigo. Muuzaji aliogopa kutuma mzigo asione pesa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze. Taobao, mwezi Oktoba 2003, wakaleta njia ambayo baadaye ilikuwa kampuni kamili yenye jina la Alipay. Mnunuzi analipa, lakini pesa haiendi kwa muuzaji. Inashikwa na soko. Muuzaji anaarifiwa kwamba pesa ipo, anatuma mzigo bila hofu. Mnunuzi akiupokea na kuukagua anasema sawa, na hapo ndipo pesa inaachiliwa. Wala kadi ya kimataifa haikutakiwa, maana mtu alilipa kutoka benki yake ya kawaida.

Halafu wakafanya jambo jingine ambalo naona ni la busara vilevile. Waliwaachia mnunuzi na muuzaji wazungumze moja kwa moja, waulizane, wapatane bei, kama watu wa sokoni wafanyavyo. eBay walisita kufanya hivyo kwa hofu kwamba watu wakijuana watakwenda kulipana pembeni. Lakini Taobao mtu angekwenda pembeni kutafuta nini, wakati usalama wa pesa yake ulikuwa ndani? Nisiwadanganye kwamba malipo peke yake yaliamua mambo, kwa sababu Taobao pia haikuwatoza wauzaji ada, na hilo lilivuta wengi. Hata hivyo mwezi Desemba 2006 eBay iliamua kulifunga soko lake la China na kuingia ubia na kampuni nyingine ya huko. Miaka mitatu na kitu tu tangu Taobao ifungue milango.

Nilipomsimulia mpwa wangu habari hii, alisikiliza, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mjomba, hao wa kwetu wananionya kwa kosa ambalo wao ndio wamelisababisha?" Nikamwambia ndiyo, takriban.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, "nipe namba nikurushie" nayo si dawa. Mwalimu wa Morogoro alibahatika kwa kuwa alikutana na mtu mwaminifu. Pesa ya simu ikishakwenda kwa mtu binafsi imekwenda, na kuirudisha ni mlolongo wa simu na maelezo, tena mpokeaji akishaitoa kwa wakala ndiyo basi. Nani kati yetu hajapata ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii"? Na muuzaji naye ana hofu yake. Wako wanunuzi wanaotengeneza ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na ule wa kampuni ya simu, wakamwonyesha mwenye duka na kuondoka na mali. Mama mmoja wa duka la vitenge Kariakoo aliniambia kwamba siku hizi haangalii simu ya mteja hata ionyeshe nini. Anaangalia salio lake mwenyewe.

Kwa hiyo ninachokidai si kwamba soko liandike namba ya simu ukutani na kunawa mikono. Nadai soko lipokee pesa ya simu kwa jina lake, kwa namba ya biashara, mnunuzi aletewe ombi kwenye simu yake, aone jina na kiasi, aweke namba yake ya siri, basi. Huduma hiyo ipo. Kenya waliizindua Lipa na M-Pesa mwaka 2013, na hapa kwetu lipa namba imezagaa kila kona. Kisha soko liishike pesa hiyo mpaka kikapu kifike. Jambo la mtu wa tatu kushika pesa nalo si geni kisheria. Tuna Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na hata hizo fedha zilizomo katika simu zetu zinatakiwa kuwekwa katika akaunti za amana kwenye mabenki, si mali ya kampuni ya simu. Anayetaka kushika pesa za watu ataingia katika mikono ya Benki Kuu, na ni vizuri aingie.

Wapo watakaosema, bwana wee, mitandao ni mingi, soko litaingia mikataba na wangapi? Hoja hii ilikuwa na uzito zamani. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za simu za Tanzania zilikubaliana wateja wao waweze kutumiana fedha moja kwa moja, na mwaka 2016 M-Pesa nayo ikaingia. Benki Kuu nayo imejenga mfumo wa taifa wa malipo ya papo kwa papo, TIPS. Zaidi ya hayo ziko kampuni ambazo kazi yao ni kumuunganisha mfanyabiashara na njia zote kwa mkataba mmoja. Selcom hapa, Pesapal iliyoanzia Nairobi. Mhasibu wa soko atakuwa na kazi kidogo zaidi ya kulinganisha hesabu jioni, hilo sikatai. Ndiyo kazi aliyoajiriwa.

Tena mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Wakenya wataweza kulipia kwa M-Pesa bidhaa za AliExpress, soko la Wachina. Yaani mtu wa Nakuru anaweza kuagiza kikapu cha plastiki kutoka China na kukilipia kwa simu yake, na mtu wa Morogoro ashindwe kukilipia kwa simu kikapu cha milulu kutoka Iringa, safari ya basi ya siku moja. Nimelitafakari jambo hili na bado halijanikaa sawa.

Njia nyingine ambayo watu wetu wanaipenda ni kulipa baada ya kupokea mzigo. Flipkart ya India ilipoianza mwaka 2010, ilivuta umati wa watu ambao hawakuwahi kununua kitu mtandaoni, na baadaye Jumia, iliyoanzia Lagos mwaka 2012, iliwazoesha wengi katika Afrika utaratibu huo huo. Mimi mwenyewe naipenda nikiwa mnunuzi. Lakini nimewahi pia kuzungumza na vijana wa bodaboda wanaopeleka mizigo. Kijana anatoka mjini hadi Chanika, anapiga simu, haipokelewi. Au inapokelewa, mteja anasema mume wake hajarudi na hela anayo yeye. Au anakitazama kitu na kusema kwenye picha kilikuwa kikubwa. Mafuta yamekwisha, mzigo unarudi, na gharama inamwangukia nani? Kwa msukaji wa Iringa, kikapu kilichokwenda Dar es Salaam na kurudi kimekula faida ya vikapu viwili. Ndiyo maana wauzaji wengi wa kwenye simu wameanza utaratibu wa kudai nauli kwanza na bei ya mali baadaye. Naona wamepatia. Mnunuzi aliyelipa nauli hupokea simu.

Sasa kuhusu makato. Hapa nitasema bila kumung'unya maneno. Julai 2021 Serikali ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, tuliona wote jinsi watu walivyorudi kubeba noti mifukoni. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Somo kwa wenye masoko liko wazi. Mtu akifika mwisho wa ununuzi akakuta bei imeongezeka kwa makato ambayo hakuambiwa, anageuka, na safari hii anageuka na hasira. Kama makato ni ya mnunuzi, yaandikwe pale pale penye picha. Kama ni ya muuzaji, aambiwe kabla hajapanga bei yake, na asigundue siku pesa inapoingia pungufu. Mpwa wangu alipouza vikapu vyake viwili vya kwanza kwa wenye kadi alingoja siku kumi na nne kulipwa, na alipolipwa hakuielewa hesabu. Aliyemuuliza alimjibu kwa Kiingereza.

Nilitaka pia nigusie majirani zetu. Kariakoo wanakuja wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, na Lubumbashi na Goma huko Kongo. Mwaka 2015 njia ya kutumiana pesa kwa M-Pesa kati ya Kenya na Tanzania ilifunguliwa. Kongo, M-Pesa ina akaunti za faranga na za dola. Soko la mtandaoni la Tanzania lenye akili lingekuwa linawawinda watu hawa, lakini mengi yanamwonyesha Mkongo picha za vitenge kisha yanamdai kadi, sawa na walivyofanyiwa watu wa Morogoro.

Na kuna mali kauli. Vijana wa siku hizi huenda neno wanalijua kwa mzaha tu, lakini nusu ya biashara za nchi hii zimeinuka kwa mali kauli: unapewa mzigo kwa neno lako, unauza, unarudisha pesa. Kuna pia kule kulipia kidogo kidogo, mama anaacha shilingi elfu mbili kila Ijumaa mpaka doti ya kitenge inakuwa yake. Kenya, kampuni ya M-Kopa ilianza mwaka 2012 kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo madogo ya kila siku kupitia simu, na watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo wakapata taa. Soko la mtandaoni likiweza kuhesabu nyota ambazo wateja wanampa muuzaji, linashindwaje kuhesabu Ijumaa nane za mtu anayelipia kikapu polepole?

Mpwa wangu hakuningoja mimi wala wenye soko. Kazi ya mashine ya kugeuza pesa niliikataa, kwa kuwa najijua nilivyo msahaulifu, na pesa za watu zingeniletea kesi. Yeye na wenzake wamechukua namba ya kulipia ya biashara kwa jina la kikundi, na wamewaandikia wenye soko barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, wakiomba mambo matatu: malipo ya simu yapokelewe, pesa ishikwe mpaka mzigo ufike, na maelezo ya makato yaandikwe kwa lugha wanayoielewa. Barua haijajibiwa. Wakati huo huo yule mwalimu wa Morogoro amejitolea kuwa mdhamini wa wenzake shuleni: vikapu vinakuja kwa basi, vinakaa ofisini kwake, kila mwalimu anakagua chake, analipa kwa simu ndipo anakichukua. Yaani mwalimu huyo amekuwa Alipay wa shule nzima bila kujijua. Hadi jana jioni vikapu vinne vilikuwa vimelipiwa, na cha tano mwenyewe alikuwa bado anabishana juu ya rangi ya mfuniko.

Hadi juma lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.